Ufa Kwenye Uso wa Stathis

Stathis aliamka usingizi wa mchana akiwa na alama ya mto shavuni, na mpaka wanakaa kula chakula cha jioni alama ilikuwa haijatoka. Jambo lenyewe ndilo hilo, dogo, hata kulitaja ni aibu. Kiangazi pwani ile ya Wagiriki kila mtu hulala mchana, madirisha yamefungwa, na kila mtu huamka amekunjamana uso. Nani ahangaike?

"Umelalia kamba ya boti?" Bi Evanthia, mama yake, aliuliza huku akimkatia nyanya.

"Nimelalia mke," Stathis akasema. "Mifupa mitupu. Tangu aanze kushughulika na hizo sarafu zake, hali wala hanoni."

"Na wewe unazidi kunona kwa niaba yangu," Areti akamjibu, akamrushia kokwa ya zeituni. Stathis akaidaka kwa mdomo, mama yake akamtandika kofi la mkononi kwa utoto huo, wakacheka wote.

Areti akanyoosha kidole kuigusa ile alama kwa mapenzi tu, kama mke anavyomgusa mume. Haikuwa imebonyea. Ilikuwa imeinuka. Mstari mwembamba, mgumu kidogo, ulianzia nyuma ya sikio ukakomea pale shavu linapoanza. Akaurudisha mkono mapajani, na kile kipande cha mkate alichokuwa nacho hakukimaliza.

Sasa niwaeleze kazi ya Areti, maana bila hiyo hamtajua kwa nini mkate ulimshinda. Alikuwa mtunzaji wa makumbusho ya mji, jengo kuukuu la kuhifadhia tumbaku karibu na gati. Chini ndiko kulikokaa vitu vya kale. Ghorofani aliishi yeye na mumewe na mama mkwe. Na uani Stathis alikuwa na karakana yake ya kutengeneza mashine za maboti. Masika ya mwaka ule Stathis alikuwa akichimba mtaro kwenye shamba la mizabibu la mama yake, sepetu likagonga chungu. Kilikuwa kimejaa sarafu za fedha za Lykanthe, ule mji wa kale ambao mawe yake watu wa pale wamejengea mabanda ya mbuzi bila hata kuona haya. Zote zilikuwa na uso mmoja, uso wa mungu wao wa mvinyo, kijana aliyevaa shada la majani, anatazama upande.

Areti alitakiwa aseme zilipigwa lini, na ipi ilitangulia ipi. Hazikuwa zimeandikwa mwaka. Lakini sarafu za zama zile zilipigwa kwa mkono: unaweka kipande cha fedha juu ya muhuri wa shaba wenye uso uliochongwa, unashusha nyundo, uso unatokea. Muhuri ukichoka hupata ufa, na ufa wa muhuri hutokea kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Kila pigo huurefusha. Ufa haurudi nyuma. Kwa hiyo ukipanga sarafu kwa urefu wa mstari, umezipanga kwa umri wake, kuanzia ile yenye uso safi mpaka ile ya mwisho. Areti alizipanga hivyo kwenye trei yenye kitambaa cheusi, na mstari kwenye sarafu zile ulianzia nyuma ya sikio.

Na kulikuwa na kingine. Chini kabisa ya chungu walikuta muhuri wenyewe, umefungwa kwenye bamba la risasi, ile risasi laini ya kuzamishia nyavu, bamba limekunjwa na kukunjwa tena, kisha likapigiliwa msumari katikati. Mtu yeyote wa kazi ile anajua maana yake. Watu wa kale walifunga hivyo maadui zao, na walifunga hivyo vitu ambavyo si watu. Areti alijua, aliwahi hata kuwafundisha wengine. Lakini muhuri mzima wa Lykanthe hakuna aliyepata kuuona, na roho ya kazi ikamshika.

"Ng'oa," alimwambia mumewe, maana ndiye mwenye plaizi.

"Nikipata mkosi je?"

"Mkosi gani zaidi ya kukaa na mama yako?"

"Shh! Anasikia huyo." Stathis akacheka, akauvuta msumari. Ulitoka polepole, na chumba kikanuka mkaa uliowaka, ingawa jiko lilikuwa ghorofani na limezimwa. Wakafungua dirisha. Msumari na bamba vikapelekwa mji mkuu kuchunguzwa, na muhuri ukabaki kwenye trei, karibu na sarafu zake.

Siku ya pili baada ya ile alama ya shavuni, Areti hakulala mchana. Alijilaza kando ya mumewe akimsikiliza anavyokoroma. Nje nyenje walikuwa wakipiga kelele mitini kama kawaida yao. Wazee wa pale huwaambia watoto wasitoke jua likiwa utosini, maana saa zile wanatembea wengine, na Areti alikulia kwenye maneno hayo akiyacheka. Mara nyenje wakanyamaza, wote kwa pamoja. Kutoka chini, chumba cha sarafu, likaja pigo moja la nyundo juu ya chuma. Moja tu. Stathis akashtuka usingizini, akasema "Ah," taratibu, kama mtu aliyechomwa sindano, kisha akaendelea kukoroma.

Areti alishuka miguu mitupu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo anao yeye shingoni. Akafungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na joto, na harufu ile ya mkaa, nzito, iliyochanganyika na harufu ya jasho la mtu anayefanya kazi ngumu. Akaushika muhuri. Ulikuwa wa moto.

Akawasha taa ya meza, akachukua lenzi yake, akafanya jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kama asingekuwa na haraka na zile sarafu: akalinganisha ufa wa muhuri na mistari ya sarafu. Kwenye muhuri ufa ulitoka nyuma ya sikio ukafika katikati ya shavu. Kwenye sarafu za mwanzo mstari ulikuwa mfupi kuliko huo, sawa. Lakini kulikuwa na sarafu nyingine ambazo mstari ulipita shavu, ukagusa pembe ya mdomo, ukakata mdomo, ukashuka kidevuni, na ya mwisho kabisa ilikuwa na uso uliogawanyika vipande viwili. Muhuri uliozipiga ulikuwa mkononi mwake, na muhuri ulikuwa haujapasuka kiasi hicho.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti, peke yake. Mtu hawezi kuwa na picha ya kovu ambalo bado hajalipata. Ila kama sarafu hizo zilikuwa hazijapigwa bado.

Alipanda juu mbio. Stathis alikuwa amekaa kitandani anajikuna. Mstari ulikuwa umefika katikati ya shavu.

Alimweleza yote, kwa kunong'ona ili mama mkwe asisikie. Stathis alisikiliza, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akageuza uso huku na huku.

"Kwa hiyo mimi ni mungu wa mvinyo," akasema. "Nilijua tu. Mama alikuwa ananificha."

"Stathis, mimi sitanii."

"Na mimi nifanyeje, nilie?" Akamshika mikono. "Wewe ndiye unayejua mambo haya. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Hapo ndipo palipomuuma, maana hakujua.

Kwanza alitaka kuupeleka muhuri mbali. Aliufunga kwenye kitambaa akatoka nao asubuhi kweupe, apande basi, autupe kokote. Alikuwa hajafika hata kwenye kona ya duka la mikate aliposikia sauti ya mumewe kutoka nyumbani, sauti ambayo hakupata kuisikia kwake, ya mnyama. Alirudi akikimbia. Stathis alikuwa sakafuni ameshika shavu, na mstari ulikuwa unatembea, unatembea kweli mbele ya macho, kama uzi unaovutwa. Na Areti alipouweka muhuri kwenye trei yake, mstari ukasimama. Ulikuwa umebakiza nusu kidole kufika mdomoni.

Kisha alitaka kuufunga upya. Akaomba risasi za nyavu kwa wavuvi, akaziyeyusha kwenye karakana, akafanya bamba, akaliviringisha kwenye muhuri. Alipolikunja mara ya kwanza, Stathis, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kukohoa. Alipolikunja tena akakosa pumzi, akawa wa buluu, akapiga magoti. Areti akalikwanyua bamba kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu. Waliketi kwenye sakafu ya karakana wamekumbatiana, Stathis akivuta hewa kwa shida.

"Tusijaribu tena hilo," Stathis akasema. Hata wakati ule alitaka kumchekesha.

Siku zote hizo pigo lilikuja mchana, nyenje wakinyamaza kwanza. Bi Evanthia naye hakuwa mjinga. Alimwona mwanawe, akasema ni kijicho cha watu kwa sababu ya chungu cha fedha, akamkalisha kitini, akaleta bakuli la maji na mafuta ya zeituni. Akasoma maneno aliyofundishwa na bibi yake, akipiga miayo kama wafanyavyo waondoa kijicho, akadondosha mafuta kwenye maji. Kama ni kijicho, mafuta hutawanyika na kupotea. Tone lile halikutawanyika wala halikuelea. Lilizama zima, la mviringo, likatulia chini ya bakuli, na yule mama akaenda kumwaga maji mbali na nyumba na kurudi na Padri Sofronis.

Padri alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kujaza kanisa, aliyewabatiza nusu ya vijana wa mji. Alishuka chumba cha sarafu na maji ya baraka na shada la mrehani, akaanza kusoma. Areti alisimama nyuma yake. Mwanzoni alifikiri ni mwangwi. Kila neno alilosema Padri lilirudiwa, kwa sauti ya chini, likichelewa kidogo, na kwa matamshi ya kupinda, kama mtoto anayefundishwa kusoma, na kadiri sala ilivyoendelea ndivyo mwanafunzi alivyozidi kuyapata maneno, kuchelewa kwake kukipungua, kisha akaenda sambamba na Padri, na mwishoni, pale Padri alipokosa mate na kusita katikati ya mstari, sauti ile ikatangulia mbele ikasoma neno lililofuata.

Padri alikifunga kitabu. Uani akamshika Areti mkono, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imepotea.

"Binti yangu, msisome tena kitu chochote mle ndani. Msiongee mle ndani."

"Ni nini, Padri?"

"Sijui. Kinajifunza." Akajifuta jasho kwa mkono wa joho. "Nisamehe. Nilidhani nimeshaona mambo." Akaondoka bila kunywa kahawa, yeye asiyekataa kahawa hata ile inayonywewa mazishini.

Mstari ulifika mdomoni Jumapili, wakati wa usingizi wa mchana. Stathis aliamka na upande mmoja wa mdomo umeinuliwa na ule mstari, hauchezi, na maneno yakawa yanatoka nusu. Alijaribu kusema kichekesho, kile cha mtu aliyeuza punda wake mara mbili, ambacho Areti alishakisikia mpaka akakichoka. Hakuweza kukimalizia. Alilia, mwanamume mzima, si kwa maumivu, kwa kuwa mkewe hakucheka. Areti angetoa jino, angetoa jicho, ili akisikie tena kile kichekesho cha punda.

Usiku mzima alikaa na swali moja: ile sarafu ya mwisho itapigwaje? Asubuhi akaitazama upya ile sarafu ya mwisho yenye uso uliogawanyika. Zamani mtu akikosa fedha safi, alichukua kitu chochote cha fedha kilichokuwepo akakipiga juu yake, na mara nyingine alama za kile kitu cha kwanza hubaki, hafifu, chini ya uso mpya. Wenye kazi hiyo hufurahi wakiziona, maana kilichoko chini lazima kiwe kimetangulia. Areti alikuwa ameona alama fulani pale shingoni mwa mungu tangu zamani, akadhani ni mikwaruzo. Sasa akaisogeza taa, akainamisha sarafu mpaka mwanga ukapita kwa ubavu. Ulikuwa msalaba mdogo, ncha zake zimekunjwa kama maua. Na herufi tatu za mkono wa sonara: mwanzo wa jina la Stathis.

Alikijua kile kitu. Kila mtu katika nyumba ile alikijua. Kilikuwa kijiko cha fedha alichopewa Stathis na baba yake wa ubatizo, kijiko ambacho Bi Evanthia alikiweka kwa sanamu takatifu na kukitoa kwa wageni wa heshima tu.

Basi Areti akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze akaona upenyo. Sarafu zile nyingine kitu kile kilijipigia chenyewe kwa namna zake. Ya mwisho ilihitaji kijiko. Kijiko kisipofika juu ya muhuri, pigo la mwisho haliwezi kuwepo. Stathis atabaki na kovu, atabaki na mdomo mbovu, atabaki bubu hata, lakini atabaki. Akiondoa kijiko, amemwokoa mumewe.

Alipanda ngazi mbili mbili. Bi Evanthia alikuwa jikoni anatengeneza samaki.

"Mama, nipe kile kijiko cha Stathis."

"Cha nini?"

Fikirini, angemwambia nini? Kwamba kijiko alichokitunza toka mwanawe akiwa mchanga ndicho kitakachommaliza? Mama huyu ambaye tangu juzi hakula? Areti akamwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Nakihitaji tu, mama. Kwa ajili ya Stathis. Tafadhali usiniulize."

Bi Evanthia akaacha kisu. Akamtazama mkwe wake huyu msomi, asiyefunga Kwaresima, anayekwenda kanisani Pasaka kwa Pasaka, na sasa anaomba kitu cha ubatizo huku machozi yanamlenga.

"Kinasaidia?" akanong'ona. "Mmeona kitu kwenye vitabu vyenu?"

"Mama, nipe tu."

"Sikioni kilipo. Nitakitafuta," Bi Evanthia akasema, akageukia samaki wake. Alikuwa anadanganya. Kijiko kilikuwa kwenye mfuko wa aproni, toka Jumapili alikuwa anatembea nacho na kukiombea. Areti alitafuta nyumba nzima, nyuma ya sanamu, kwenye makabati, chini ya magodoro, na kadiri alivyotafuta kwa hofu ndivyo yule mama alivyozidi kusadiki kwamba dawa ya mwanawe amekuwa nayo mwenyewe siku zote.

Mchana ule Areti alijilaza na mumewe, amemkumbatia kwa nyuma, kiganja chake kimefunika lile shavu bovu. Ufunguo aliuvua shingoni kwa joto akauweka mezani. Hakutaka kulala. Alikuwa hajalala siku nyingi, mwili ukamsaliti.

Alichoshtukia ni ukimya. Nyenje wamenyamaza. Ufunguo haupo mezani. Na kabla hajaweka mguu chini alishajua, akaanza kupiga kelele, "Mama! Mama, usifanye! Mama!" huku akishuka ngazi zile ambazo hazikuwa ndefu hivyo siku nyingine yoyote, akijikwaa, akishika ukuta, harufu ya mkaa ikimjia usoni, akaona mlango wa chumba cha sarafu uko wazi na ndani yule mama mzee amesimama na nyundo kubwa ya karakana ameiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, na kwenye fuawe ndogo aliyoitoa karakana, muhuri, na juu ya muhuri kijiko, kimeulalia uso wa mungu kwa msalaba wake, kama mtu anavyomwekea mgonjwa sanamu kifuani, na midomo ya mama inatembea, anasali, na Areti akanyoosha mkono wake kadiri unavyofika, na nyundo ikashuka.

Pigo lilikuwa moja.

"Nimemvunja!" Bi Evanthia akasema, anahema, machozi yanamchuruzika kwa furaha. "Nimemvunja shetani, binti yangu! Ona!"

Muhuri ulikuwa umelala vipande viwili, kimoja huku, kingine kule. Kijiko hakikuwepo juu ya fuawe. Hakikuwepo chini, wala popote.

Areti akaenda kwenye trei. Sarafu ya mwisho ilikuwa mahali pake, ya zamani, na weusi wa udongo kwenye mikunjo yake. Akaisogeza kwenye taa na safari hii aliona alichokuwa hataki kukiona. Mungu wa Lykanthe alikuwa na pua iliyonyooka kama rula. Huyu wa sarafu ya mwisho pua yake ilikuwa imepinda katikati, pale ambapo kasia lilimvunja Stathis akiwa darasa la nne. Stathis alikuwa amelala kwenye chungu kile, chini ya mizabibu ya mama yake, tangu zama ambazo hakuna kati yao aliyekuwa amezaliwa. Na yeye mkewe ndiye aliyemsugua udongo kwa brashi, akampima, akampanga mwisho wa mstari, akamtazama kiangazi kizima bila kumjua.

Juu kitanda kililia. Mtu alikuwa anainuka.

Bi Evanthia alitangulia, goti lake bovu limesahaulika. Areti alipofika mlangoni, mama alikuwa ameshamkumbatia mwanawe, anambusu mashavu yote mawili, mashavu safi, hayana mstari hata mmoja. Mtu yule alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameuacha mwili wake ubusiwe. Pua yake ilikuwa imenyooka. Akamtazama Areti juu ya bega la mama, kwa udadisi, kama unavyomtazama mwenye nyumba mpya uliyofikia, akafungua mdomo akasema jambo polepole, kwa Kigiriki ambacho hakuna aliyekisema mitaani tangu Lykanthe ianguke.

"Anasema nini?" Bi Evanthia akauliza. "Kama maneno ya kanisani."

Watu wa Lykanthe hawakuhesabu miaka kwa namba. Waliutaja mwaka kwa jina la aliyeshika madaraka. Areti alikuwa amesoma maneno yale kwenye mawe na sarafu maisha yake yote, hakupata kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu.

"Anauliza ni mwaka wa nani," akasema.

"Homa imemchanganya, maskini. Mjibu basi! Mjibu mumeo!"

Yule mtu akangoja kidogo, kisha akatabasamu, na alipozungumza tena alitumia maneno aliyojifunza kwa Padri, yamenyooka, bila kosa hata moja.

"Si neno," akasema. "Nitawauliza wengine."

Akasimama. Akavaa shati la Stathis lililotundikwa kitini, akafunga vifungo kimoja kimoja, akivichunguza. Bi Evanthia alikuwa amepiga magoti mbele ya sanamu anashukuru. Areti alijiweka mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili, na yule mtu akamsogeza pembeni kwa upole kabisa, kwa mkono uliokuwa wa moto, akashuka ngazi.

Mji ulikuwa unaamka. Madirisha yalianza kufunguliwa, viti vya mgahawa vikaburutwa kivulini, mtu akapiga mluzi kumwita mbwa. Areti alitoka kwenye baraza ya juu akashika chuma cha kizuizi. Alitaka kupiga kelele, lakini apige kelele aseme nini, na nani angemsikiliza, mama mwenyewe yuko ndani anamshukuru Mungu?

"Oyaa, Stathis!" muuza samaki akaita kutoka upande wa pili wa barabara. "Umepona, bwana! Hebu njoo nikuone!"

Yule mtu akavuka barabara kwenda kwake, amenyoosha mkono.